Nimehamia kizazi kipya cha gari ileile, na mwezi wa nane huu bado naimisi ya zamani

Basi huu ni mwezi wa nane tangu niachane na gari yangu ya zamani nikachukua toleo jipya la gari hiyohiyo, yaani jina lilelile, nembo ileile, siti saba zilezile kwenye karatasi, kilichobadilika ni kizazi tu. Ndiyo maana nilijua haitakuwa na usumbufu, nikaona ni kama mtu anayenunua viatu vipya namba ileile aliyoizoea. Kampuni siitaji, na wala sioni haja, maana mengi ninayoyasema hapa yatamkuta yeyote mwenye gari kubwa la familia anayefikiria kufanya nilichofanya mimi.

Nianze kwa kuipa haki yake kwanza msije mkasema nina kinyongo. Inakimbia kuliko ile. Kimya mpaka unasikia watoto wanavyonong'onezana huko nyuma. Usiku taa zake zinamulika mbali, breki zinakamata, na kamera za pembeni zimeniokoa na nguzo zaidi ya mara moja. Ukiniuliza ipi gari bora kwa vipimo, nitakuambia hii mpya bila kufikiri mara mbili, na hapo ndipo penyewe, kwamba nilinunua vipimo nikasahau kuangalia vitu ambavyo sikuwahi kuvipima kwa sababu sikuwahi kupata shida navyo.

Chukua buti. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu, na kwenye gari ya zamani kile kiti kilikuwa kinakunjwa kinasimamishwa wima nyuma ya siti za tatu, kinaegemea pale kama kimetengenezewa, watu saba wanakaa na safari inaanza, dakika moja tu. Sikuwahi kuona hilo kuwa ni sifa ya gari. Siku ya kwanza tunasafiri na hii mpya nikanyanyua kiti kama kawaida yangu, nikakiingiza, nikabonyeza kitufe mlango wa nyuma ujifunge wenyewe, ukashuka kidogo, ukagusa mpini wa kiti, ukapiga mlio ukapanda juu tena. Nikakigeuza. Ukashuka ukapanda tena. Mara ya nne mama ananiangalia kupitia kioo na mimi jasho linanitoka, mlango wa umeme huwezi hata kuubamiza kwa hasira ukajisikia vizuri.

Kumbe sakafu imepanda. Gari ni haibridi, yaani inatumia petroli na umeme, betri yake kubwa wameiweka chini huko nyuma, kwa hiyo sakafu ya buti imeinuliwa, halafu siti za tatu ukizikunja hazilali zikawa sawa na sakafu, zinaacha kama ngazi hivi. Na kioo cha nyuma kimelazwa zaidi ili gari ipendeze ikate na upepo vizuri, sasa kimo kilichoibwa chini kimeibwa na juu pia. Kwenye brosha lita za buti hazijapungua kiasi cha kukushtua, ila lita hazikuambii umbo, kuna namna za kupima wanahesabu mpaka kwenye dari na mpaka kwenye vipembe ambavyo labda ukavimiminie maji. Kiti cha magurudumu hakimiminiki jamani.

Tuje kwenye injini. Ile ya zamani ilikuwa V8, yaani silinda nane, isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, jiinjini limekaa tu pale kama mzee kibarazani, hana haraka wala haumwi. Hii ni V6, silinda sita, yenye turbo mbili na mota ya umeme juu yake. Na hapa hakuna pa kukimbilia kwa upande wa magari mapya, maana karibu wote wameelekea hukohuko. Toyota Land Cruiser 200 iliyodumu tangu 2007 ilipopisha 300 mwaka 2021, V8 zikaondoka zikaja V6 za turbo mbili, petroli lita 3.5 na dizeli lita 3.3, na gia 10. Sequoia, gari jingine kubwa la Toyota, ilipoingia kizazi cha tatu, modeli ya 2023, iliacha V8 yake ya lita 5.7 na zote zikawa haibridi zenye V6. Nissan Patrol nayo ilipobadilishwa 2024 ikaletwa na V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili ingawa mwanzoni ile ya kizazi cha nyuma yenye V8 iliendelea kuuzwa baadhi ya sehemu. Sababu zinaeleweka, sheria za moshi na mafuta zimebana, na nguvu haijapungua, imeongezeka. Mimi sibishani na nguvu.

Kinachonikera ni kingine. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, moto wake si wa mchezo, na inategemea oili safi ipite pale kwenye shafti yake muda wote, kwa hiyo ule uvivu wangu wa zamani wa kusogeza sogeza tarehe ya kubadilisha oili hapa ni kujitafutia balaa. Mafuta nayo: ukiendesha taratibu peke yako kwenye barabara nzuri utacheka, utafurahi, utawapigia watu simu. Ila pakia watu saba, weka mizigo, anza kupanda mlima mrefu, turbo zinasukuma hewa nyingi na injini lazima ipewe petroli ya kutosha hewa hiyo, na mota ya umeme kwenye mlima mrefu betri yake inaisha mapema tu, basi mshale unashuka kama ule wa zamani. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kuokoa mafuta kwa kutumia namba za brosha, hesabu ile niliishaifuta.

Halafu kuna suala la kuwa mtu wa mwanzo. Kizazi kipya maana yake injini mpya au iliyobadilishwa sana, na wanaonunua miaka miwili mitatu ya mwanzo ndio wanaogundua kasoro kwa niaba ya wengine. Mwaka 2024 Toyota iliyaita magari zaidi ya laki moja Marekani yarudi kurekebishwa, Tundra na Lexus LX za modeli 2022 na 2023, kwa sababu kulikuwa na uwezekano wa chenga za chuma kubaki ndani ya injini wakati wa kutengenezwa. Na mashabiki wa V8 msichekelee sana, mwaka uliofuata General Motors nao wakaita karibu laki sita kwa ajili ya V8 yao ya lita 6.2, humo zikiwemo gari zao kubwa za familia kama Tahoe, Suburban na Escalade. Kwa hiyo si turbo wala si V ngapi, ila ile ya zamani yenye miaka kumi barabarani kasoro zake zote zilishajulikana, unaambiwa kabisa ikifika kilometa kadhaa angalia pampu ya maji, unaangalia, maisha yanaendelea.

Fundi wangu sasa. Huyu bwana tumejuana miaka kumi na moja, alikuwa anasikia ile gari ikiingia getini anasema pulley inalia kabla sijashuka. Nilipompelekea hii mpya akafungua bonneti akakuta plastiki nyeusi kila mahali, akafungua kifuniko kimoja chini yake kuna kingine, akasimama hivi mikono kiunoni. Akaniambia kaka, oili nitakubadilishia, filta nitakubadilishia, zaidi ya hapo tutafute mwenye kompyuta. Akafunga bonneti taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, sijui hata kwa nini. Siyo kwamba hajui kazi. Hata brekipedi za nyuma tu, ile ya zamani ilikuwa spana na jeki, hii ina handbreki ya umeme, lazima kwanza uiambie gari iingie kwenye hali ya matengenezo ili mota zirudi nyuma, ukilazimisha pistoni kwa nguvu unaharibu mota na umejitengenezea kazi kubwa kuliko uliyoijia.

Kioo cha mbele ndicho kilichonifunza adabu. Jiwe limeruka kutoka kwenye lori, ufa, ukatembea mpaka katikati. Kwenye gari ya zamani kioo kilibadilishwa mchana mmoja mimi nimekaa pembeni nasoma. Kwenye hii, nyuma ya kioo kuna kamera inayoangalia mistari ya barabara na magari ya mbele, kioo kikitoka lazima kamera ipangwe upya kwa mashine, kuna ubao maalumu unawekwa mbele ya gari kwa umbali uliopimwa, sakafu iwe sawa, mwanga uwe wa kutosha, halafu wengine wanaitoa na barabarani ikajifunze. Mara ya kwanza upangaji ulikataa. Siku tatu sina gari. Kupanga kamera peke yake kumekula hela karibu sawa na kioo chenyewe, na bima walitaka maelezo kana kwamba nimejitungia. Na usiombe uguswe bampa, maana humo kuna rada, au uvunjwe taa, siku hizi taa za LED ni kitu kimoja kimefungwa chote, hakuna habari ya kununua balbu.

Ringi nazisema kwa kifupi. Ya zamani ilikuwa na inchi 18, tairi 265/65, hii nimepewa inchi 22, 285/45, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na mimi nikaona imependeza. Piga hesabu mwenyewe, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita na ya pili ni ukuta wake kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo ukuta wa tairi la zamani ni kama milimita 172, la sasa 128. Hizo milimita 44 zilizopotea zilikuwa ni raba na hewa zinazopokea mashimo kabla hayajafika kwenye ringi. Sasa shimo likija linakuja na salamu zote. Ringi moja tayari ina pindo. Kama kuna ushauri wa maana humu ndani ni huu, chukua toleo lenye ringi ndogo hata kama linaonekana la kinyonge.

Skrini sitaisema sana, kila mtu anaisema. Ila niwaambie tu kwamba kupunguza baridi kwenye ile ya zamani nilikuwa naizungusha swichi huku macho yapo barabarani, mkono ulishajua njia. Sasa natakiwa niguse, ukurasa ufunguke, niguse tena, na gari ikidunda kwenye bampu kidole kinaangukia kwenye kupasha joto siti. Halafu gari hiyohiyo inanipigia kelele eti sitazami mbele! Nilifurahi niliposoma kwamba Euro NCAP, hawa wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanawapunguzia alama watakaoficha ndani ya skrini vitu kama indiketa, hazadi, honi na waipa. Kiyoyozi hakimo, lakini ni mwanzo.

Na milio, milio, milio. Umegusa mstari, mlio. Umezidi spidi iliyoandikwa kwenye kibao, mlio, na hii ya gari kukuonya ukizidi spidi kwenye Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 ni sheria kwa kila gari jipya linalouzwa, na inawaka upya kila ukiwasha gari. Mke wangu ana mpangilio wake, anawasha, anabonyeza vitu vinne kama mtu anayeingiza namba ya siri, ndiyo anaondoka.

Ukubwa nao. Imepanuka sentimita chache tu, ila sentimita chache ndizo zilizokuwa zimebaki pale getini kwetu, kwa hiyo naingia nimekunja vioo. Nguzo za pembeni ya kioo cha mbele zimenenepa, nadhani ni kwa ajili ya paa kuwa imara na eabegi kukaa, nakubali faida yake, lakini kwenye kona ya kushoto zinaficha mtu mzima aliyesimama. Nimejifunza kuchungulia huku na huku kama kuku.

Nikijumlisha sioni kitu kimoja cha kusema hiki ndicho kilichoniumiza. Nadhani kilichoniuma zaidi ni kwamba ile gari nilikuwa naijua. Nilijua ikitingishika hivi ni nini, ikinukia hivi ni nini, nilijua sanduku gani linaingia wapi, na nilidhani huo ujuzi ni wangu, kumbe ulikuwa wa ile gari na nimeuza vyote pamoja, na bei ya ujuzi mnunuzi hakunilipa. Jina lilelile likanidanganya kwamba nitaendelea nilipoishia.

Rafiki yangu mmoja bado ana ile ya kizazi changu cha zamani na muuzaji anampigia simu karibu kila wiki. Aliponiuliza sikumwambia asinunue, nani nimzuie mtu hela yake. Nilimwambia aende na mizigo yake ya kweli, siyo kwa macho, apeleke masanduku, abebe na watoto, afunge mlango wa nyuma wenyewe akiwa amepakia. Akae siti ya tatu yeye mwenyewe robo saa. Amuulize na fundi wake kama yupo tayari, na aulize kioo cha mbele kinachukua siku ngapi. Alipomaliza hayo akaniambia bado anaitaka, sawa, atakuja kunisimulia.

Kiti cha mama tumeishia kununua kingine, kinakunjika kinakuwa chembamba zaidi. Wima bado hakikai. Tunakilaza juu ya ile ngazi, siti moja ya tatu ikiwa imekunjwa, kwa hiyo kwenye gari ya watu saba tunasafiri sita, na mtoto mmoja kila safari anabaki kwa shangazi yake, wanapokezana.