Kwa Mama wa Mogotio Aliyeuza Punda Wake

Kutoka Nakuru hadi Mogotio si mbali, lakini makanga alitubana wanne kwenye kiti cha watatu, kisha akaongeza shilingi hamsini juu ya nauli, eti mvua imenyesha. Nilishuka karibu na mashamba ya mkonge nikiwa na hasira. Ikaniisha nilipomwona mama mmoja akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, peke yake, mlimani.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kwetu mzigo kama ule hubebwa na punda. Nikashika upande wa pili, nikauliza, "Mama, punda wako yuko wapi?"

"Nilimuuza kwa wa machinjioni."

Alikuwa amezeeka, akasema, kwato mbovu, mgongo vidonda. Nyama yake huku hailiwi. Zamani punda kama huyo aliachwa barabarani, akala takataka hadi lori limgonge. Kwa hiyo dalali alipokuja na pesa mkononi, mama aliona heri. Alidhani angenunua mwingine mchanga. Alipofika sokoni bei ilikuwa imepaa, kwa kuwa madalali walimtaka kila punda, mzima na mgonjwa. Punda wawili wa jirani waliibwa usiku; asubuhi ikapatikana mizoga iliyochunwa.

"Yule mzee ningemfanyia nini, kijana wangu?" aliniuliza. Sikuwa na jibu la haraka, na swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Kuchinja kwenyewe hakunisumbui, mbuzi tunachinja. Kinachoniuma ni kwamba biashara hii haikuja kuwapunguzia mateso punda wazee. Ilifuata ngozi, inayochemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya Kichina. Punda hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mmoja, hawezi kushindana na kisu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini Kenya. Ya 2019, kama milioni 1.2. Serikali iliamuru machinjio ya punda yafungwe Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo mwaka uliofuata. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubaliana kupiga marufuku kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilifurahi. Lakini marufuku hayamlishi punda aliyechoka.

Hata Lamu, penye zahanati inayowatibu punda bure tangu 1987, vikongwe hupita vichochoroni wakitafuna maboksi, na wenyewe tunawajua. Aliyembebesha mawe na saruji miaka yote anadaiwa majani na maji ya uzeeni, na ikiwa maumivu hayatibiki, adaiwe daktari wa kumpumzisha kwa upole.

Tulipofika juu, mama aliuliza kama punda wadogo wanauzwa kwetu. Wanauzwa, nikamwambia, lakini gari la kumleta kutoka pwani lingegharimu kuliko punda mwenyewe. Akashukuru, akaendelea kugawa maji.