Ukisema "Mungu akipenda" unakuwa umesema nini?

Juzi nilienda Igombe, kando ya Ziwa Victoria kule Mwanza, kumcheki mamdogo, nikamkuta anageuza dagaa juu ya nyavu na huku wingu limefunga upande wote wa ziwani. Wanaofanya hiyo kazi wanajua, dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka bei inakufa, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Nikasema shikamoo mamdogo, hii mvua itatuacha kweli? Akaitika marahaba bila kuinua kichwa, "Mungu akipenda itapita pembeni mwanangu."

Sa mi wiki hiyo kichwani nilikuwa na A. J. Ayer, mwanafalsafa wa Uingereza, yeye mwaka 1936 aliandika kwamba sentensi kama huwezi kuipima kwa kuona au kusikia, na sio ya hesabu, basi haisemi kitu, yaani sio kweli na sio uongo, na hata anayebisha kwamba Mungu hayupo naye hajasema kitu. Nikaipima ya mamdogo hapohapo. Mvua ikija Mungu kapenda, isipokuja kapenda pia, kwa hiyo kuhusu mvua hajaniambia chochote. Hapo Ayer yuko sahihi kabisa na sioni sababu ya kumbishia.

Ila nakumbuka Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, humuhumu ziwani, wakafa watu zaidi ya 200, halafu baada ya siku mbili akatolewa fundi mmoja akiwa hai na kila mtu akawa anasema Mungu mkubwa. Mi nililia kwa furaha na papo hapo nikachukia, maana kama ukubwa ni kumtoa huyu, wale wengine je? Na kwenye misiba wakaja watu wanawaambia wafiwa "Mungu kampenda zaidi", wanakunywa chai wanaondoka. Lile neno halikuwa na kitu ndani, na halikuhitaji Ayer kulionyesha, aliyelisema halikumgharimu hata kidogo.

Mamdogo mwenyewe ana watu wake waliozama wakabaki kwenye hili ziwa. Mtoto wake wa pili anatoka usiku na taa za dagaa, na kila jioni mamdogo anamwambia Mungu akipenda tutaonana asubuhi, halafu anaamka saa kumi kwenda kusimama ufukweni. Mi naamini maana ya ile sentensi iko kwenye kule kusimama. Anakubali kwamba ziwa sio lake, na bado anaenda kumngoja mtoto. Ukimnyima hayo maneno sijui utampa yapi mengine ya kusemea jambo hilo, mimi nimeyatafuta kwenye vitabu sijayapata.

Matone ya kwanza yakaanguka. Mamdogo akanitupia ncha ya turubai, "shika huko, vuta!"