Bahasha ya mjomba na kura ya Boston

Nimerudi Dar kwa likizo ya wiki nne. Swali la kwanza la mjomba, baada ya shikamoo na marahaba, kabla sijatua begi, lilikuwa hili: "Hivi wenyeji wako walipojitoa kwenye umoja wao, wafanyakazi walilipwa na nani?"

Wengine huniuliza baridi ikoje, au pauni inakwendaje. Mjomba, mzee wa Temeke, aliuliza wafanyakazi, na nilimwelewa. Mwaka 1971 aliajiriwa na moja ya mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza. Mwaka 1977 alitoka nyumbani asubuhi akiwa mwajiriwa wa nchi tatu, jioni akarudi hajui ni wa nani.

Mimi naishi Boston. Si ile ya Marekani, ni ile iliyoipa ya Marekani jina: mji mdogo wa mkoa wa Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, nchi tambarare ya kabichi na viazi. Wenzangu wa ughaibuni wanaijua kazi yangu, kutunza wazee, zamu za saa kumi na mbili. Katika kura ya tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 ya wapiga kura wa Uingereza walichagua kutoka Umoja wa Ulaya. Boston ilikuwa asilimia 75.6, na hakuna eneo lililoizidi. Kwa hiyo mjomba alikuwa amemuuliza mtu aliyekaa jikoni penyewe.

Usiku wa kuhesabu kura nilikuwa zamu. Kulipokucha, bibi mmoja niliyekuwa namwogesha akanishika mkono, akaniambia nisiogope, si mimi waliyemkusudia, ni wale wa mashambani. Wale wa mashambani ni Wapolandi, Walithuania na Walatvia waliokuja kuvuna mboga na kufunga maboksi viwandani. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mpolandi. Ndiye aliyekuwa amemlisha uji yule bibi muda mfupi kabla, na bibi alimpenda kwelikweli, alikuwa akimwita binti yake. Sikupata la kumjibu. Nilimfuta mgongo, nikamvisha.

Sipendi watu wa Boston waitwe wabaguzi kwa jumla, nami sitawaita hivyo. Nimesikia malalamiko yao kwa miaka: kodi za nyumba kupanda, foleni ya kumwona daktari, mishahara ya viwandani kubaki palepale kwa sababu kila wiki anakuja mwingine aliye tayari kulipwa kidogo. Hayo ni maumivu halisi. Ila dawa waliyouziwa ilikuwa na jina moja tu, kutoka, na aliyewauzia hakuwaandikia namna ya kuinywa.

Pauni ilianguka kabla hata ya chai ya asubuhi. Nilikuwa natuma hela za kupaua nyumba ya mama Chanika. Wiki ile ya kura pauni moja ilikuwa inapata zaidi ya shilingi 3,200; kufika katikati ya Julai haikufika 2,950. Bati halikushuka bei, wala fundi hakupunguza. Mama hakuwahi kuiona Boston hata kwenye ramani, lakini sehemu ya paa lake ililipa kura ile, na chumba cha nyuma kilisubiri masika mengine.

Yaliyofuata London mliyaona kwenye taarifa ya habari. Waziri Mkuu aliyeitisha kura, David Cameron, akaondoka. Theresa May akapeleka mkataba wa kuachana bungeni mara tatu ukakataliwa mara tatu, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202, naye akaondoka. Nchi ilitoka rasmi usiku wa tarehe 31 Januari 2020 chini ya Boris Johnson, na kanuni za zamani zikaendelea hadi mwisho wa mwaka ule.

Kilichomkalisha sawasawa mjomba ni habari ya Ireland ya Kaskazini. Hii ni sehemu ya Uingereza, lakini inapakana kwa nchi kavu na Jamhuri ya Ireland, iliyobaki Ulaya. Watu walikufa pale miaka mingi, na tangu makubaliano ya amani ya 1998 mpaka uko wazi. Hakuna aliyetaka kurudisha vizuizi. Basi ukaguzi ukahamishiwa baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza kuu. Nilimwambia mjomba: ni kama ilivyokuwa kwa mtu anayetoka Unguja na televisheni yake, akishuka bandarini hapa Dar anaambiwa alipie ushuru, na nchi ni moja. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo nimekuelewa. Na huko nako walikasirika?" Walikasirika sana. Serikali ya Ireland ya Kaskazini ilivunjika kwa ajili hiyo mwaka 2022 na ikakaa miaka miwili bila kurudi.

Jambo jingine wengi hawalijui. Mkataba wa biashara uliosainiwa Desemba 2020 haukuweka ushuru wa forodha kati ya Uingereza na Ulaya. Wanasiasa walishangilia hilo, na ni kweli. Lakini ili usilipe ushuru lazima uthibitishe bidhaa yako imetengenezwa wapi na malighafi yake imetoka wapi, na kama ni nyama au jibini, uwe na karatasi ya daktari wa mifugo. Kampuni kubwa ziliajiri watu wa kuzijaza. Mwenye duka dogo aliyezoea kutuma vifurushi kumi Ufaransa aliacha kuuza Ufaransa.

Na mashamba ya kabichi? Wapolandi wengi waliondoka. Mwenzangu yule wa zamu alirudi kwao 2021, tukaagana jikoni kwa keki na machozi. Serikali ikatoa viza za msimu, na sasa mboga za Lincolnshire zinavunwa na watu kutoka Kirigizistani, Indonesia na kwingineko mbali zaidi. Kwenye nyumba za wazee walijaa Wazimbabwe, Wanaijeria na Wahindi, baada ya viza ya kazi hiyo kufunguliwa mwaka 2022. Hesabu ya wageni walioingia, ukitoa walioondoka, ilipita 900,000 kwa mwaka mmoja kabla haijaanza kushuka. Waliopiga kura kupunguza wageni wamekasirika upya, na mwaka 2025 viza hiyo ikafungwa kwa wanaoomba kutoka nje. Dada mmoja wa Mbagala aliyekwishauza kiwanja ili apate ada ya wakala alinipigia akilia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba kura ile ilipopigwa.

Mjomba alisikiliza yote haya barazani, kisha akanisimulia yake, ambayo nimeisikia tangu utoto ila sikuwahi kuisikia hivi. Jumuiya ilianza 1967 na mashirika yake yakagawanywa: reli na ndege makao makuu Nairobi, bandari Dar, posta na simu Kampala. Ugomvi ulikuwa ni nani anafaidika zaidi, maana viwanda vingi vilikuwa Kenya. Juu yake Idi Amin akapindua serikali Uganda mwaka 1971, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, hivyo marais watatu hawakukutana tena. Mapema 1977 shirika la ndege likafa, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mjomba alikuwa na mchumba Mombasa. Shangazi niliyemkuta nyumbani kwake si yeye.

Mali iligawanywa kwa makubaliano ya Arusha ya mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ikachukua wajibu wa kuwalipa watu wake. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliandamana humu Dar mara ngapi? Mliokulia hapa mnakumbuka wazee wamelala barabarani, magari yamesimama. Walikwenda mahakamani, makubaliano yakaandikwa 2005, karibu miaka thelathini baada ya shirika kufa. Mjomba alipata sehemu. Sehemu nyingine ofisi moja ilimwambia jalada lake halionekani. Rafiki zake wawili walizikwa wakisubiri.

Hapo ndipo mimi na yeye tulipotofautiana. Mnakumbuka Julai 2016, wiki chache baada ya kura ya Uingereza, Tanzania ilitangaza haitasaini ule mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, EPA, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa Brexit, yaani huko kujitoa kwa Uingereza. Mzee Mkapa alikuwa ameupinga kwa miaka, akisema bidhaa za viwanda vya Ulaya zitavimeza viwanda vyetu vichanga. Kenya na Rwanda wakasaini Septemba 1. Wiki iliyofuata marais wakakutana hapahapa Dar wakaomba muda. Novemba Bunge letu likakataa. Sisi, kama nchi maskini, tunaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru hata bila mkataba ule. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Bila mkataba maua yake yangetozwa. Mimi nasema Tanzania ilikuwa na haki ya kukataa. Mjomba anasema haki tulikuwa nayo, lakini mwaka 1977 ulianza hivyohivyo, kila nyumba na hesabu yake, na leo Kenya ina mkataba wake na Uingereza na mwingine na Ulaya, peke yake.

Mwanawe, mwenye karakana ya ndala Vingunguti, aliingilia kati. Kwake kosa ni COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tuliyojitoa Septemba 2000 kwa hoja ya kuepuka kukaa kwenye jumuiya nyingi na kupoteza mapato ya forodha. Anauza Zambia na Kongo, na anasema kila mara anakutana na ndala za Kenya zilizopita na cheti cha uasili wa bidhaa cha COMESA, karatasi inayothibitisha zilikotengenezwa ili zipate nafuu ya ushuru. "Mimi wakati ule nilikuwa darasa la tano," akasema. "Nani aliniuliza?"

Mjomba akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa. Barua ya ajira, kitambulisho chenye picha ya kijana mwenye nywele nyingi, hati za mshahara zilizofifia. Akazipanga mkekani moja moja. Kisha akaniuliza mafao yangu ya Boston yako wapi. Nikamwambia nakatwa kila mwezi, taarifa zote ziko kwenye simu.

"Zichapishe," akasema. "Zote."

Asubuhi nilikwenda steshenari ya mtaani. Zilitoka kurasa kumi na nne. Mjomba alinunua bahasha mpya, akaandika juu yake jina langu kwa herufi kubwa, chini yake akaandika Uingereza, na mwaka niliofika.