Istanbul kwa magoti ya Mama

Mama ana magoti mabovu, na Istanbul ni mji wa vilima. Siku ya kwanza nilimpandisha kwa miguu kutoka Karaköy hadi mnara wa Galata. Tulipofika akaketi kwenye ngazi ya duka, ameshika goti, hasemi neno. Roho iliniuma. Usiku ule niliifungua ramani upya nikitafuta jambo moja tu: mji unateremkia wapi.

Kesho yake tukachukua tramu hadi Kabataş, kisha treni fupi ya chini ya ardhi inayokwea kilima na kukutoa uwanja wa Taksim. Tukauzunguka mnara wa Jamhuri wa mwaka 1928, tukaingia İstiklal, mtaa wa maduka wenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Pale watu hutembea katikati ya barabara, na tramu nyekundu ya zamani hupita ikigonga kengele. Mtaa unaishia Tünel, reli fupi ya chini ya ardhi ya mwaka 1875 inayoteremka hadi Karaköy, ya pili duniani kwa ukongwe kati ya reli za chini ya ardhi baada ya ile ya London. Kilima kilichomtesa Mama jana tukakishuka tumeketi! Kadi ya nauli ya Istanbulkart inatosha kote huko.

Sultanahmet ni tambarare, nami ndiko nilikopapenda zaidi. Zamani palikuwa uwanja wa mbio za farasi. Jiwe refu lililosimama pale lilitoka Misri, na mfalme wa Kirumi Theodosius alilisimamisha mwaka 390. Mama aliwatazama kwa muda mrefu ndege waliochongwa juu yake, kingo zao bado kali.

"Kumbe na hili limetoka kwetu Afrika?"

Soko Kuu hufungwa Jumapili, kwa hiyo tulikwenda Jumatatu. Tulishukia Beyazıt, juu, tukapita ndani ya soko, tukatokea upande wa pili na kuufuata mtaa wa Mahmutpaşa hadi Eminönü, mteremko mtupu. Ushauri wangu: Soko Kuu shibisha macho, Mahmutpaşa ndiko ufungue pochi. Mama alikuwa akisugua kila mtandio kwa kidole gumba kabla hajauliza bei, na hakuna muuzaji aliyemdanganya kuhusu pamba.

Eminönü tuliketi karibu na maji, akaihesabu mitandio ya wenzake wa kikoba.

"Mwanangu, umepungua mmoja."

Tukapanda tramu kurudi Beyazıt, tukaanza kuteremka tena.