Bakuli la bibi, Muramvya

Mwaka 1984, nikiwa na miaka minane, mama alinichukua kwa mara ya kwanza kwenda kwao Muramvya. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, Burundi. Kwetu fundi gari, muuza samaki wa mgebuka na mwalimu wa madrasa wote walisema Kiswahili. Kirundi nilikisikia sokoni nikakijibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyenishangaa.

Basi lilipoanza kupanda, ziwa likabaki chini likimetameta. Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama, safari isiyofika kilomita 40, imepita mita 2,000. Masikio yakaziba, nikaanza kutetemeka kwa baridi. Mjomba alikuwa akitungoja Bugarama. Akanionyesha mgongo wa milima: mvua ikinyesha upande tuliotoka, maji hushuka Rusizi, yakaingia ziwani, mwisho Mto Kongo, ikinyesha upande wa kwao, hufuata Ruvubu hadi Nile. Sijasahau. Paa moja la nyumba pale juu linaweza kugawa mvua kati ya bahari mbili.

Kwao hakukuwa na kijiji. Kila familia ina rugo lake, yaani boma, na mtu huulizwa kilima chake, si mtaa.

Vitabu husema Burundi ni nchi ya lugha moja. Ni kweli, tena ni neema: mtu wa Kirundo kaskazini na mtu wa Nyanza-Lac kusini wanaelewana bila mkalimani. Lakini siku ile aliyehitaji mkalimani nilikuwa mimi, mbele ya mama wa mama yangu.

Bibi alinikumbatia, akasema maneno mengi, kisha akaja na chombo cha mti, akakishika kwa mikono miwili. “Akira amata,” akasema. Mimi nikasikia *mate*. Nikarudi nyuma, nikaficha uso kwenye kanga ya mama.

Kimya kikaingia. Kwa watu wale waliolelewa na ng'ombe, kukataa maziwa uliyopewa kwa mikono miwili ni kumkataa aliyekupa. Mama alieleza haraka haraka, sauti ikimtetemeka. Nikajitahidi kutengeneza mambo: nikaliongezea neno letu kichwa cha Kirundi, nikaomba “amaziwa”. Bibi akaenda, akarudi na kikombe cha maji. Alikuwa amesikia *amazi*.

Nikayanywa yote. Nilikuwa nalia, naye aliniona.

Usiku nilimsikia akinong'ona na mama jikoni, akirudia neno moja taratibu, mama akimsahihisha. Sikulitambua.

Alfajiri ukungu ulikuwa umefunika bonde lote. Bibi akaja kitandani na kile chombo, kimejaa mpaka juu, bado kina joto la ng'ombe. Akachuchumaa, macho yetu yakawa sawa.

“Maziwa,” akasema.