Mipangilio ya eneokazi la Linux inaposahaulika kila kompyuta inapowashwa upya

Umebadilisha picha ya mandhari, umesogeza paneli, umeongeza ukubwa wa maandishi na kuchagua lugha ya kibodi, kisha unawasha kompyuta upya na kukuta kila kitu kimerudi kama siku mfumo uliposakinishwa. Watu wengi hupanga tena kwa subira, na wachache walioishiwa subira huamua kusakinisha mfumo mzima upya. Kwa maoni yangu njia zote mbili ni za kupoteza muda, kwa sababu tatizo hili karibu kila mara hupatikana mtu akifuatilia jambo moja tu: mpangilio ule ulipaswa kuandikwa katika faili gani, na je, uliandikwa kweli?

Kabla ya kufungua terminali, fanya jaribio dogo ambalo wengi hulipita. Badilisha mpangilio mmoja, toka kwenye akaunti yako bila kuzima kompyuta, kisha uingie tena. Mpangilio ukipotea hapo, kasoro imo ndani ya akaunti yako au katika yale yanayoendeshwa unapoingia. Ukibaki, lakini ukapotea baada ya kuwasha upya, basi mahali unapoandikwa hapadumu. Jaribio hili huondoa nusu ya dhana potofu.

Mahali penyewe hutegemea eneokazi (desktop) unalotumia. GNOME, Cinnamon na MATE huweka karibu kila kitu katika hifadhidata ya dconf, ambayo ni faili moja isiyosomeka kwa kihariri cha maandishi, iliyoko ~/.config/dconf/user (alama ya ~ ni folda yako ya nyumbani). KDE Plasma hutumia faili nyingi za maandishi ndani ya ~/.config, kwa mfano kdeglobals na kwinrc. Xfce nayo huandika faili za XML ndani ya ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml.

Sababu ninayoishuku kwanza ni umiliki wa faili hizo. Mtu akiendesha programu yenye madirisha kwa sudo, amri inayompa mamlaka ya msimamizi, programu hiyo inaweza kuunda faili ndani ya folda yake ya nyumbani, ila mmiliki wake akawa root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu. Hili lilikuwa rahisi kutokea katika Ubuntu, ambayo hadi kabla ya toleo la 19.10 iliiacha sudo ibaki na HOME (anwani ya folda ya nyumbani) ya mtumiaji wa kawaida. Siku hizi hutokea zaidi kwa kutumia sudo -E, inayoibakiza HOME hiyo, au pale mtu anaporejesha nakala za akiba kwa sudo cp na kusahau kwamba nakala mpya huwa mali ya root. Amri ya find ~ ! -user "$USER" itakuorodheshea kila kitu kilichomo nyumbani mwako kisicho chako, na sudo chown -R "$USER": ~/.config itakurudishia umiliki. Usiishie kukagua faili peke yake, kwa maana dconf haiandiki juu ya faili ya zamani, bali huunda mpya na kuiweka mahali pake. Kwa hiyo folda isiyoandikika huzuia kazi hata kama faili iliyomo ni yako. Ukikutana na malalamiko kuhusu /run/user/1000/dconf, hayo ni ya muda, kwa kuwa folda hiyo imo katika kumbukumbu ya kompyuta na huondoka mashine inapozimwa.

Umiliki ukiwa sawa, andika gsettings set, amri ya kubadilisha mipangilio ya dconf, pamoja na jina la mpangilio na thamani yake ukiwa terminalini, na usome kwa makini kinachojibiwa. Likitokea onyo kwamba kinachotumika ni hifadhi iitwayo memory, basi umeandika juu ya maji: moduli inayounganisha gsettings na dconf haikupatikana. Katika Debian na Ubuntu moduli hiyo imo katika kifurushi cha dconf-gsettings-backend. Wanaotumia Conda, programu ya kusimamia vifurushi na mazingira ya kazi, waangalie pia which gsettings, kwa sababu mazingira hayo yanaweza kuleta gsettings yao wenyewe isiyo na moduli hiyo, na jibu likiwa tofauti na /usr/bin/gsettings, mwizi amepatikana.

Diski nayo isisahaulike. Tumia df -h kuona nafasi na df -i kuona kama inodi (nafasi za kuorodhesha faili) zimekwisha, kwani diski inaweza kuonyesha gigabaiti kadhaa zilizo wazi huku ikikataa faili mpya. Kisha findmnt -T ~ itakuonyesha kama mfumo wa faili umepachikwa kwa rw (kusoma na kuandika) au kwa ro (kusoma tu). Ukiona ro mahali usipotarajia, soma taarifa za kernel kwa journalctl -k na unakili data yako kwingine kabla ya jambo lolote, kwa sababu mfumo wa faili wa ext4 mara nyingi huagizwa kujifunga kwa kusoma tu inapogundua hitilafu, na hapo mipangilio ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Kama ni kuwasha upya tu kunakofuta, hakikisha kwamba hutumii mfumo hai (live), yaani unaoendeshwa bila kusakinishwa, kutoka kwenye flashi. Mfumo wa namna hiyo huandika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya muda, isipokuwa umeutengea sehemu ya kudumu. Kwa Debian, sehemu hiyo hupewa lebo ya persistence na huwekewa faili ya persistence.conf.

Amri za xrandr, setxkbmap na xset, zinazopanga skrini, kibodi na mengineyo, zina hali yake: hazikuahidi kudumu. Hubadilisha kikao cha X (mfumo unaochora madirisha) kinachoendelea na huisha pamoja nacho, hivyo ziwekwe katika ~/.xprofile, kama kidhibiti chako cha kuingia huisoma, au tumia dirisha la mipangilio la eneokazi lenyewe. Kinyume chake pia hutokea: hati uliyoiacha zamani katika ~/.config/autostart inaweza kurudisha thamani za kale kila unapoingia. Kwa kompyuta inayosimamiwa na taasisi, jaribu gsettings writable org.gnome.desktop.background picture-uri; jibu la false mara nyingi lina maana kwamba msimamizi ameufunga ufunguo huo, yaani mpangilio huo, na hapo ni kumwendea yeye.

Watumiaji wa Xfce wasihariri XML kwa mkono wakiwa ndani ya kikao, kwa kuwa xfconfd, programu inayotunza mipangilio hiyo, ina nakala yake na inaweza kuandika juu ya kazi yenu. Amri ya xfconf-query ndiyo njia salama.

Yote yakishindikana, fungua akaunti mpya ya majaribio. Ikihifadhi mipangilio vizuri, kasoro imo katika faili zako, lakini usifute ~/.config yote kama wanavyoshauri baadhi ya watu, kwa kuwa humo mna mambo mengi yasiyohusiana na eneokazi. Chukua nakala kwa dconf dump / > mipangilio.ini, toka kwenye akaunti, ipe folda ya dconf jina jingine ukiwa kwenye konsoli ya maandishi, ingia upya, kisha rudisha sehemu moja moja kwa dconf load huku dirisha la pili likiendesha dconf watch / ili uone kila ufunguo unapobadilika.