"Hiyo siyo yako mama"

Tangu Jumapili hii sentensi imeniganda kichwani. "Hiyo siyo yako mama." Basi, baba mdogo kasema hivyo tu halafu karudi kwenye kikombe chake cha chai.

Mnajua nahangaika kutafuta shotgun ya kwanza, ya kulengea visahani vya udongo, siyo ya kuwinda. Jumapili tukaenda kwa yule jamaa mwenye shamba njia ya Hombolo, hapa Dodoma, na mashine ya kurushia visahani, baba mdogo nikampitia kwa sababu kabla ya kustaafu kalinda wanyamapori miaka yote ile na silaha anazijua, nikaona nikiwa naye hakuna wa kunibabaisha. Jamaa akaziweka mbili mezani, zote zimefunguliwa, ukichungulia kwenye mtutu unaona mwanga upande wa pili. Moja namba 12 (namba ni ya upana wa mtutu), Beretta ya mitutu miwili iliyopandana, nzito. Nyingine namba 20, haifiki kilo tatu, chuma chake pembeni kimechorwa majani na ndege, kitako kinang'aa. Moyo wangu ulishahamia kwa hiyo ndogo kabla hata sijaigusa.

Nikaipandisha begani na jamaa akasema dada imekukaa hiyo. Ndo baba mdogo akasema, "Hiyo siyo yako mama." Nikamuuliza, "Kwa nini baba?" Akaniangalia usoni, akauangalia mkono wangu, akarudia, "Siyo yako." Kisha akaanza kumuuliza jamaa bei ya alizeti!

Sasa mtu afanyeje na jibu kama hilo? Hakuwa mkali, hakucheka, sauti ilikuwa ya kawaida kabisa na hiyo ndo iliyoniuma. Nikawaza labda kaona bei. Nikawaza labda ni kwa sababu mimi mwanamke, maana kwetu hata gobore la babu watoto wa kike tulikuwa hatulisogelei. Kwenye kikao cha kazini Mtumba watu wanajadili bajeti mimi niko kulekule mezani, "siyo yako", na alivyouangalia ule mkono. Alhamisi mdogo wangu kajifungua mapacha, wote wazima, Mungu ni mwema, na mimi jina langu halimo kwenye orodha ya uhamisho, lakini hata pale wodini nimembeba mtoto nilikuwa najiuliza angekuwepo kaka yangu angeambiwa hivyohivyo?

Ijumaa usiku simu ikaita, baba mdogo, na yeye huwa hapigi, hupigiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, wamelala."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Ile bunduki ni fupi. Ulivyoiweka begani dole gumba lako lilikuwa linagusa pua. Ikipiga itakutoa damu."

Nikashindwa kusema kitu.

"Una mikono ya marehemu kaka. Na yeye mashati ya dukani yalikuwa yanamwishia hapa." Sijui "hapa" alikuwa anaonyesha wapi, lakini nilipaona, juu kidogo ya saa ya baba, lile shati la bluu la kwenda kanisani. Nililia jamani, na usingizi wa usiku ule sijaupata siku nyingi.

Kwa hiyo mliokuwa mnaniuliza inbox, kitu cha kwanza ni urefu wa kitako. Ukishaipandisha na shavu likalala vizuri, kati ya pua na dole gumba kubaki nafasi ya vidole viwili mpaka vitatu. Na ile habari kwamba namba 20 ni laini kwa mwanamke msiibebe kichwakichwa, risasi zake nyingi zina gramu 24 za marisau (zile punje zinazotawanyika), sawasawa na zile za namba 12 wanazopiga Olimpiki, sasa mzigo ule ule ukitoka kwenye bunduki nyepesi bega lako ndo linalipa. Uzito unameza teke. Namba yenyewe nayo inawachanganya wengi, 12 maana yake goroli 12 za madini ya risasi tupu zenye upana wa mtutu zinatimiza ratili moja, ndo maana 20 ni mtutu mwembamba, milimita 15 na ushee, na 12 ni 18 na nusu. Kisahani chenyewe ni sentimita 11 tu na kinakukimbia.

Nimeamua namba 12, kilo tatu na nusu hivi, mitutu ya sentimita 76, na ibaki hiyo ya kupandana kwa sababu ukishaifungua kila mtu aliyepo anaona kama ina kitu au haina. Nitaenda na baba mdogo, nisiponunua mbele ya macho yake sinunui. Kibali ndo safari ndefu, naanzia serikali ya mtaa, na sheria ya silaha ya 2015 haina kujuana.

Ila leo hata hilo limekaa pembeni. Mnunuzi wangu wa zabibu hapokei simu tangu jana mchana, za shambani Mpunguzi zimeiva zote kwa mpigo, vibarua wanataka kujua Jumatatu wakate au wasubiri, na kreti zote ziko kwake. Kuna mwenye namba ya mnunuzi mwingine?